Puli ya Meno Ishirini

Siku Mwalimu Desimali alipoteleza bafuni na kuvunjika nyonga, mtu wa kwanza kumfikia alikuwa mkamwana wake, pini za kushonea bado amezibana midomoni. Alizitema kando, akapiga magoti kwenye maji, akamwambia, "Mama, usijisogeze. Nimeshafika."

Jina la Desimali alipewa na wanafunzi. Alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake ambaye hakuwahi kukatwa alama kwa kusahau nukta. Jina likaruka ukuta wa shule, likamfuata sokoni na kwenye foleni za benki, na mwishowe hata yeye akalikubali. Mkamwana alikuwa fundi cherehani. Mume wake, mtoto pekee wa Mwalimu, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani siku nne kwa mwezi, na mbili kati ya hizo akiwa amelala. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili, na kabla ya ajali waliishi kwa adabu zaidi kuliko kwa mazoea. Shikamoo asubuhi, lala salama usiku, na katikati kila mtu na chumba chake.

Ajali ilivunja nyonga, ikavunja na adabu hiyo. Kwa miezi saba mkamwana alimwogesha, akamgeuza ubavu kila baada ya saa tatu ili asipate vidonda, akamshika mkono hatua ya kwanza, ya pili, na ile ya ishirini na moja waliyoifikia mlangoni wakasimama wote wawili kupumua. Wateja wa nguo wakasubiri, na wengine wakahama. Hakulalamika hata siku moja.

Mwalimu aliyaona yote. Tatizo lake ni kwamba kushukuru kwa maneno hakukuwa kipaji chake. Alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alianza, "Mwanangu, nilitaka kukuambia kitu," mkamwana akainua uso kutoka kwenye cherehani, na Mwalimu akaishia kuuliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Mara ya pili hata mlango haukumjia kichwani. Alikohoa tu, akaondoka na mkongojo wake.

Lakini macho yake yalikuwa mazima. Aliona jinsi mkamwana anavyochora patani, yaani zile karatasi ambazo fundi huzilaza juu ya kitambaa ili akate kwa kuzifuata. Alizichora sakafuni, kwa magoti, kwa rula na penseli, moja baada ya nyingine, kwa sababu kila mteja ana kiuno chake. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeanza kuvimba. Alikifunga kitambaa, na jioni alikilowesha kwenye maji ya moto akidhani hakuna anayemtazama.

Sasa, katika ile miezi saba ya kulala chali, Mwalimu alikuwa amepata rafiki mmoja wa ajabu, nayo ni simu. Humo ndani aliwatazama watu asiowajua, wa nchi asizozijua, wakiunda mashine ndogo ndogo majumbani kwa kujifurahisha. Mashine za kuchonga mbao, za kukata karatasi, za kuchora. Alianza kwa kupoteza muda, akaendelea kwa udadisi, na akafika mahali akawa anaandika pembeni ya gazeti. Kumbe jambo lenyewe halikuwa gumu kiasi kile. Kuna mota mbili, moja ya urefu na moja ya upana. Kila mota ina puli, kigurudumu kidogo chenye meno. Puli inavuta mkanda wenye meno, mkanda unavuta kalamu, na kompyuta inahesabu. Kuhesabu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Basi akaitwaa meza kubwa ya kulia chakula. Mkamwana aliporudi kutoka sokoni siku hiyo akakuta sahani zimehamia jikoni, na mama mkwe wake amesimama kwa mguu mmoja na nusu akipima vyuma.

"Mama, tunahama?"

"Hatuhami. Tutakulia jikoni kwa muda."

Muda huo ulikuwa miezi minne. Vyuma alikatiwa na fundi wa madirisha ya aluminiamu. Mota na vifaa vya upande wa urefu alivitoa kwenye mashine ndogo iliyokufa, aliyouziwa na kijana wa karakana ya simu. Huko puli na mkanda vilikuja pamoja, kama mke na mume, navyo vilikubaliana. Kwa upande wa upana ilibidi anunue. Akaenda kwenye kibanda cha vipuri vya kila namna, akaona puli yenye meno ishirini na mkanda wake, akazungusha kidoleni, akaona inafanana na ile ya nyumbani. Tundu lake lilikuwa kubwa kuliko shafti ya mota, ule mhimili unaozunguka, ikawa inacheza. Muuzaji akamwambia, "Weka kipande cha bati, mama, itakaza." Akaweka kipande cha bati la kopo la soda, ikakaza. Puli ni puli, alijiambia.

Alipomaliza, alichora mraba wa sentimita kumi kwa kumi. Akapima. Upande mmoja ulisoma kumi kamili, mwingine kumi na milimita moja na ushei. Akaiangalia ncha ya kalamu, akaona ni nene, akailaumu kalamu.

Siku ya kumkabidhi mkamwana mashine hakusema hotuba. Alibonyeza kitufe, kalamu ikatambaa juu ya karatasi ikilia taratibu kama mtu anayeguna usingizini, na baada ya dakika sita kukawa na sketi, mbele na nyuma, kwa vipimo vya mteja wa kweli. Mkamwana alisimama pembeni, mikono kifuani. Akaigusa ile karatasi kama anayegusa mtoto mchanga.

"Mama, hii umeniundia mimi?"

"Mimi nina sketi za kutosha," akajibu Mwalimu, akaenda kuangalia maji jikoni, ambayo hayakuwa hata motoni.

Miezi mitatu ikapita. Kila asubuhi mashine ililia, kila asubuhi Mwalimu aliisikiliza akiwa amejilaza na moyo wake ukatulia. Wateja waliohama wakaanza kurudi. Alipouliza mashine inaendeleaje, jibu lilikuwa lile lile, "Inachora vizuri sana, mama." Mwanawe alipopiga simu kutoka njiani, Mwalimu alimweleza habari ya mashine kwa urefu mpaka salio la kijana likaisha.

Halafu ikaja Jumanne moja. Mkamwana alikwenda kumpelekea mteja nguo, na Mwalimu akahitaji tepu ya kupimia pazia. Akaingia chumba cha kushonea. Hakuwa mtu wa kupekua, ila tepu haikuwa mezani, akavuta mtoto wa meza. Humo akazikuta patani, zimekunjwa vizuri, kila moja na jina la mteja. Akaitambua kazi ya mashine yake, akafurahi, akaikunjua moja ili aitazame.

Katikati ya karatasi, kuanzia juu hadi chini, palikuwa na mkunjo mwembamba uliobanwa kwa pini. Pembeni, kwa penseli, mkamwana ameandika, "punguza 8." Akafungua ya pili. Mkunjo, pini, "punguza 7." Ya tatu, ya nne. Kwenye mkato wa kwapa, pale ambapo mstari unazunguka na kurudi ulikoanzia, mstari wa mashine haukukutana na mwenzake, na mtu alikuwa ameuunganisha kwa mkono, kwa uangalifu, kwa penseli nyepesi isionekane sana.

Mwalimu akakaa kwenye kiti cha cherehani. Akaitafuta tepu, akaipata ilipokuwa imejiviringisha chini ya pasi, akapima. Urefu ulikuwa sahihi. Upana uliotakiwa kuwa sentimita hamsini ulikuwa hamsini na milimita nane. Kila karatasi, upana ulizidi kwa uwiano ule ule. Kumbe ile milimita moja na ushei ya mraba mdogo haikuwa unene wa kalamu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa kimejaa miezi mitatu ndani ya mtoto wa meza. Miaka thelathini na miwili alikuwa akiwaambia watoto, ukitaka kulijua kosa pima kitu kirefu, usipime kifupi. Yeye alipima kifupi, akaridhika.

Aibu ilikuja kwanza, ikampandisha joto masikioni. Lakini haikukaa. Kilichokuja nyuma yake kilikuwa kizito zaidi, akawa hana jina la kukipa. Alimwona yule binti, asubuhi tisini, akiisubiri mashine imalize, akiibeba karatasi hadi chumbani, akifunga mlango, akipiga magoti tena sakafuni kusahihisha zawadi. Na kisha akitoka na uso mkunjufu kusema inachora vizuri sana.

Alizikunja karatasi kama alivyozikuta. Pazia halikupimwa siku hiyo.

Kesho yake asubuhi akachukua mkongojo na mabaki ya ile mashine ndogo iliyokufa, yawe mfano, akamwendea fundi wa fotokopi. Chumba chake kilikuwa mtaa wa nyuma, chembamba, kimejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Watu walimwita Nati. Alikuwa mnene, mpole, na alizungumza na skrubu mbili tatu pembeni ya mdomo bila kuzimeza, jambo ambalo Mwalimu alilistaajabia tangu mwanzo hadi mwisho. Fotokopi, kama alivyokuja kueleza, ni sanduku la puli na mikanda ya meno. Huwezi kuzitengeneza miaka ishirini usizijue.

"Nataka puli nzuri," alisema Mwalimu.

"Nzuri ya nini, mama?"

"Ya mashine ya kuchora patani za nguo."

"Nani kaiunda?"

"Mimi."

Nati akatoa skrubu mdomoni. Akavuta kigoda, akakipangusa, akamkaribisha. "Nieleze."

Mwalimu akaeleza yote, pamoja na bati la kopo la soda. Alipofika hapo Nati alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Basi niuzie iliyo bora," alimalizia Mwalimu.

"Sikuuzii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikikuuzia leo utakuwa umenunua sura tena. Puli haichaguliwi kwa sura, mama. Sura ni kama picha ya mchumba." Akararua kipande cha boksi, akaandika. "Nenda uniletee haya. Moja, kutoka jino hadi jino ni umbali gani. Usipime jino moja, pima kumi kwa mpigo kisha ugawanye. Mbili, jino lina umbo gani, la duara au lililokatwa bapa. Tatu, shafti ya mota ina unene gani, na je, ina upande uliochongwa ukawa bapa au ni ya mviringo tupu. Nne, mkanda una upana gani. Tano, mkanda huo unavuta mzigo gani. Pande zote mbili za mashine, ule mzima na ule mgonjwa. Idadi ya meno tutaijua mwisho."

Akamkabidhi na kalipa yake, kile kipimo cha chuma chenye mdomo kama wa ndege, kinachosoma hadi sehemu ya mia ya milimita. "Hiyo ni ya marehemu aliyenifundisha kazi. Ikianguka, nami naanguka."

Njiani kurudi Mwalimu alinung'unika. Alikuwa amezoea kutoa kazi za nyumbani, si kupewa. Lakini alipofika mtaani kwake hasira ilishageuka kuwa kitu kingine. Akawaza kwamba yule mtu angeweza kumpa puli yoyote, akapokea chake, akarudia fotokopi zake, na badala yake alimkopesha kipimo cha marehemu.

Akaufungua upande wa upana mezani. Alikuwa ameinama, miwani puani, anajaribu kuushika mkanda kwa mkono mmoja na kalipa kwa mwingine, aliposikia nyayo.

"Mama, imeharibika?"

Mwalimu hakugeuka. "Imeharibika tangu siku ya kwanza. Nimeona patani zako."

Kiti kikavutwa, na mkamwana akaketi upande wa pili wa meza.

"Nisamehe, mama. Sikutaka uzione."

"Unaomba msamaha wa nini? Wewe ndiye uliyefanya kazi mara mbili." Hapo ndipo alipogeuka. "Kwa nini hukuniambia?"

Mkamwana akatazama mikono yake. "Mama, unakumbuka wiki ya kwanza uliporudi kutoka hospitali? Nilikuwa sijalala siku tatu. Nikakupikia supu, nikatia chumvi mara mbili kwa usingizi. Nilikuja kuigundua jioni nilipoonja ya kwangu, nikaitema. Wewe ulikuwa umekunywa bakuli zima. Nilikuuliza supu ikoje, ukaniambia imekolea."

"Ilikuwa imekolea," alisema Mwalimu. "Nilikunywa maji hadi alfajiri."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni mkamwana, kicheko cha kujizuia mwanzoni, kisha kikamshinda. Mwalimu akamfuata, akishika nyonga kwa sababu bado kicheko kilimuuma. Walicheka hadi kalipa ikateleza, na mkamwana akaidaka hewani kabla haijafika sakafuni, kwa ule wepesi wa mtu aliyezoea kudaka mikasi.

"Ashukuriwe Mungu," alisema Mwalimu akijifuta macho. "Nati angekufa."

Kisha akawa mwalimu tena. "Lakini sikiliza. Supu ni ya siku moja. Mashine ni ya kila siku. Ikikosea, niambie. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Haya, shika huku."

Wakapima pamoja, na ikaonekana haraka nani ana mkono wa kupima. Mkamwana aliunyoosha mkanda mezani bila kuuvuta, akauhesabu kwa ncha ya sindano, jino hadi jino, akasoma namba kwa sauti. Mkanda wa urefu, wa ile mashine iliyokufa: meno kumi, milimita ishirini kamili. Mkanda wa upana, wa kibandani: meno kumi, milimita ishirini na nukta tatu.

"Rudia."

Akarudia kwa meno hamsini. Mia moja kamili upande mmoja. Mia moja na moja na nukta sita upande mwingine.

Mwalimu aliandika, akagawanya, akaliangalia jibu. Milimita mbili upande huu. Upande ule mbili nukta sifuri tatu mbili. Kompyuta aliiambia ni mbili pande zote. Alivua miwani. "Yaani mimi," alisema polepole, "kati ya watu wote duniani, nimeangushwa na nukta."

Mkamwana akauma mdomo asicheke mara ya pili.

Waliendelea. Meno ya mkanda mzima yalikuwa ya duara kama vidole vya mtoto. Ya ule mgonjwa yalikuwa ya bapa, kama meno ya msumeno yaliyokatwa ncha. Shafti ya mota, milimita tano, na upande mmoja umechongwa bapa. Tundu la puli ya kibandani, milimita sita na zaidi ya theluthi. Upana wa mikanda, sita. Mzigo, kalamu na kibebea chake, havifiki hata uzito wa pasi ndogo. Yote yakaandikwa kwenye kile kipande cha boksi, kwa mwandiko wa mkamwana, maana wa Mwalimu ulikuwa na haraka.

Asubuhi wakaenda wote wawili. Nati akalisoma boksi mara mbili, akaichunguza kalipa, akaona ni nzima, akasema, "Sasa tunaweza kuongea."

Akawaeleza kwamba mkanda ule wa kibandani haukuwa mbaya, ila ulizaliwa kwa kazi nyingine, kazi ya kuzunguka upande mmoja siku nzima. "Umbali wa jino ungeweza kuurekebisha kwenye kompyuta. Unaandika namba ya kweli, upana unakaa sawa. Lakini jino la bapa huacha nafasi kidogo ndani ya puli. Ukienda mbele hulioni kosa. Ukigeuza kurudi, puli inatembea kidogo kabla mkanda haujafuata. Ndiyo maana mikato yenu ya kwapa haikutani. Na lile bati linafanya puli izunguke ikiyumba, kama tairi lililopinda."

"Na mistari inakuwa na mawimbi," alisema mkamwana. Nati na Mwalimu wakamgeukia. "Kidogo sana," akaongeza, akimtazama mama mkwe. "Nimeahidi kusema."

Nati akaleta vifuko vidogo vitatu, akamwaga puli tatu kwenye kiganja. Zote za jino la duara, zote za milimita mbili, zote tundu la tano. Moja ya meno kumi na sita, moja ya ishirini, moja ya thelathini na sita. Mkono wa Mwalimu ukaiendea ile kubwa.

"Hii itakimbia," alisema.

"Mama, unachora nguo au unakimbiza mbuzi?" Nati akakifumba kiganja. "Kila mota ikipiga hatua moja, puli kubwa inasogeza kalamu mbali zaidi. Mstari unakuwa na vidaraja kama vya ngazi, na mota inachoka kwa sababu inavuta kwa mkono mrefu. Hii ndogo nayo ina hatua fupi na nguvu, lakini mkanda unajikunja sana kuizunguka, na meno yanayoushika ni machache. Siku kalamu ikigongana na kitu, mkanda unaruka jino."

"Basi ya katikati," alisema mkamwana.

"Kwa nini?" Nati alimtupia swali kama mtu anayemjaribu mwanagenzi.

Mkamwana akafikiri. "Kwa sababu upande wa urefu una meno ishirini na unachora sawasawa miezi mitatu. Zikifanana, hesabu ni moja. Na ikiharibika moja, tunajua cha kununua."

Nati akamtazama Mwalimu. "Huyu umempata wapi?"

"Aliletwa na mwanangu," alisema Mwalimu, "lakini ni wangu."

Alilisema bila kujiandaa, na likatoka zima. Mkamwana akainama kuangalia vifuko.

Kuhusu mkanda, Mwalimu alitaka mpana wa milimita kumi, akiamini ukubwa ni usalama. Nati akamwuliza unabeba nini. Kalamu tu. "Basi sita inatosha. Mkanda wa kumi hauingii kwenye njia ya puli ya sita, na puli ya kumi itakuongezea uzito wa bure. Usimvishe mtoto koti la baba yake." Akawapa pia kile kigurudumu cha upande wa mwisho, ambako mkanda hugeukia kurudi, na akahimiza nacho kiwe na meno, kwa kuwa uso wa mkanda wenye meno ndio unaokigusa. Mwisho akawaonyesha skrubu mbili ndogo shingoni mwa puli. "Moja lazima ikae juu ya upande bapa wa shafti. Kaza hiyo kwanza. Ile nyingine ni shahidi."

Mwalimu alipomrudishia kalipa aliishika kwa mikono miwili. "Ungeweza kuniuzia jana," alisema. "Nakushukuru kwa kuninyima."

Nati hakujua aelekeze macho wapi. Akarudisha skrubu mdomoni, akasema kitu ambacho hakuna aliyekielewa, na wakaagana.

Nyumbani mkamwana alifunga puli, kwa sababu vidole vyake vilifika mahali vya Mwalimu vilipogoma. Mwalimu alisimama nyuma na kurunzi mchana kweupe, akisoma maagizo ya Nati kutoka kwenye boksi. Bati la kopo la soda likaingia kwenye pipa la taka. Mkanda ukavishwa, ukavutwa mpaka ukibonyezwa kwa dole gumba unarudi wenyewe bila kulegea.

"Mraba wa sentimita kumi?" aliuliza mkamwana, mkono kwenye kitufe.

"La. Mkubwa kadiri meza inavyoweza."

Kalamu ikaenda upana wote wa meza, sentimita themanini, ikageuka, ikashuka, ikarudi, ikapanda, ikafika ilikoanzia na kuingia kwenye alama yake yenyewe, isionekane mstari ulianza wapi na uliishia wapi. Mkamwana akapima upana. Akapima tena kutoka upande wa pili. Akampa Mwalimu tepu apime mwenyewe, na Mwalimu akapima mara tatu, kwa sababu mtu akishaumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Themanini. Themanini. Themanini.

"Sema ukweli," alisema Mwalimu. "Hakuna kasoro?"

"Kalamu ni nene kidogo, mama."

"Nilijua tangu mwanzo."

Jumamosi ile mwanawe aliwasili na vumbi la siku kumi. Akawakuta jikoni, maana meza ya kulia haikurudi tena kwenye kazi yake ya kale, na nyumba nzima ilishakubali hivyo. Alioga, akala, akaenda kuitazama mashine ambayo alikuwa ameisikia kwa simu mpaka salio likaisha. Mkewe akaiwasha. Alikuwa na agizo la magauni sita ya mabinti wa harusi, kila binti na umbo lake. Karatasi za kwanza mbili zilikuwa zimeshakatwa, zimelala kitini, laini, hazina mkunjo wala pini. Kijana alizitazama kwa adabu ya mtu asiyejua anachokitazama, akasifu, akaenda kulala.

Walibaki wawili. Mashine ililia taratibu, kalamu ikizunguka kwapa la gauni la tatu. Kitambaa cha kifundo cha mkono hakikuwapo tena; Mwalimu aliligundua hilo sasa, na hakukumbuka kiliacha kuonekana lini katika miezi hiyo.

"Mwanangu," alisema, "nilitaka kukuambia kitu."

Mkamwana akainua uso, akangoja. Alikuwa amezoea kwamba hapa ndipo huulizwa habari za mlango.

"Ile miezi saba," alisema Mwalimu. "Kunigeuza, kuniogesha. Kila nilipoita ukaja. Nilikuwa na hofu ya kuwa mzigo, na wewe hukunipa nafasi ya kuwa mzigo hata siku moja. Asante. Nilipaswa kulisema mapema, sikujua lianzie wapi."

Kalamu ilimaliza mzunguko, ikainuka, ikatulia. Mkamwana alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Sikuwahi kupata nafasi ya kumuuguza mtu nikamwona akipona. Wewe ulisimama. Mimi ndiye ninayeshukuru."

Mwalimu aliuweka mkongojo kando, akaegemea meza, akamshika yule binti begani, akamwacha aegemee pia. Walikaa hivyo kwa muda ambao hakuna aliyeupima.

Halafu mkamwana akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaiendea ile karatasi. Ilikuwa ndefu, upande mmoja umeanza kujiviringisha.

"Shika pale mwisho, mama," alisema, "isiteleze wakati nakata."

Mwalimu akashika.